Kufuli la Mziwanda

Wakandarasi wa umeme hawapendi kurudi darasani, na wala usiwalaumu. Mtu ameshika waya miaka ishirini, kichwa kimeota mvi, ana gari la kazi lenye jina lake ubavuni, halafu anaambiwa akae kwenye kiti cha plastiki siku nzima afundishwe kuzima swichi! Lakini ndiyo sheria. Kila baada ya miaka mitatu unasoma saa nane, unapewa cheti, ndipo leseni inaongezwa. Huna leseni, huna ruhusa ya kutia sahihi kazi yoyote, na mkandarasi asiyetia sahihi ni mtu tu mwenye bisibisi.

Siku hiyo walikuwa kumi na wawili, kwenye ukumbi wa ghorofa ya kwanza juu ya ofisi ya leseni. Mwanamke alikuwa mmoja, na wote walimwita Bosi. Jina hilo alipewa na mdogo wake wa mwisho, Mziwanda, enzi Bosi akimfundisha kijana huyo kazi. Mziwanda alifariki miaka tisa iliyopita, jina likabaki. Leseni ya Bosi ilikuwa inakwisha leo hii, na ofisi ya chini inafungwa saa kumi na moja kamili. Kesho alitakiwa kutia sahihi mabweni ya shule, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Kwa nini alisubiri mpaka siku ya mwisho, mtu makini kama yeye? Kwa sababu alijua safari hii somo la mchana ni makufuli, na makufuli alikuwa akiyakimbia.

Mkufunzi alikuwa mkaguzi mstaafu, mzee mwembamba mwenye ulimi mkali. Alisimama mbele ya ubao mkubwa wa mazoezi uliojaa balbu, swichi kubwa ikiwa katikati na ngazi imeegemezwa pembeni.

"Kila anayeingia kazini anafunga kufuli lake kwenye swichi hii," akasema. "Mtu mmoja, kufuli moja, ufunguo mmoja. Ufunguo unakaa mfukoni mwako. Ukitoka, unafungua la kwako. La mwenzako huligusi! Hata kama mwenyewe ameenda kuoa, litamsubiri atoke fungate."

Watu wakacheka. Aliyecheka zaidi alikuwa Megawati, mkandarasi mnene wa mzaha mwingi, aliyekaa kiti cha nyuma ya Bosi. Bosi hakucheka. Alikuwa akitazama vidole vyake.

Wakafanya zoezi. Wakapanga foleni, kila mmoja na kufuli lake na lebo yake ya jina na simu, wakazima swichi na kuifunga. Kisha wakajifanya wanafanya kazi, wazee wazima na koleo mikononi, wakikaza skrubu zilizokwisha kukazwa. Saa kumi kasorobo mkufunzi akapiga makofi. "Haya, tokeni. Kila mtu afungue lake. Ubao ukiwaka, nawapa vyeti mkapate leseni zenu."

Wakafungua mmoja mmoja. Bosi akawa wa mwisho, akafungua lake akalitia mkobani, akashusha pumzi. Limeisha, akajiambia, si kitu, limeisha. Akageuka kurudi kitini.

"Limebaki moja," mkufunzi akasema.

Wakatazamana. Kila mtu akainua la kwake hewani. Mkufunzi akahesabu makufuli, kumi na mawili. Akahesabu sahihi kwenye daftari la mahudhurio, kumi na mbili. Na pale kwenye swichi lilining'inia lingine, jekundu, lenye doa la rangi ya kucha ya zambarau.

Bosi alilijua doa lile. Rangi ilikuwa ya kwake. Mziwanda aliiba kichupa kwenye meza yake ya kioo, akapaka kufuli lake ili lisichanganywe na ya wengine, na Bosi akamfokea wiki nzima.

Mkufunzi akavaa miwani akasoma lebo. "'Usiwashe. Mziwanda yuko kazini.' Huyu Mziwanda ni nani? Mbona hajajiandikisha?" Akaigeuza lebo. "Namba yake ipo. Nampigia."

Namba ile ilikuwa imekufa miaka tisa. Bosi mwenyewe ndiye aliyeifuta kwenye simu yake. Akamwona mkufunzi akiweka simu sikioni, akasubiri asikie mzee akisema haipatikani. Mzee akasema, "Halo? Ndugu, uko wapi? Tunakusubiri wewe!" Akasikiliza, akikunja uso. Halafu akaiondoa simu sikioni.

"Anasema bado hajamaliza. Yuko darini. Anauliza kama Bosi ameshafika."

Wote wakamgeukia Bosi. Megawati akainua shingo kutazama juu, na wenzake nao wakatazama. Ukumbi ule haukuwa na dari. Juu yao palikuwa na zege tupu lililopakwa chokaa.

"Ni mtu wako?" mkufunzi akamuuliza. Alikuwa amekasirika tu, maskini, hakuwa na habari. "Basi mpigie kelele ashuke. Mimi naenda kuwaomba hao wa chini wasifunge mapema. Na hakuna kuondoka mtu hapa mpaka ubao uwake!" Akatoka, viatu vyake vikisikika ngazini.

Megawati ndiye aliyeanza. "Jamani, huu si utani wa mkufunzi? Anatupima huyo." Akaenda kwenye sanduku la zana akarudi na mkasi wa kukatia vyuma, ule wa mikono mirefu. "Bosi, leseni yako inakwisha leo, au siyo? Kata tuondoke. Mwenyewe yuko wapi? Hayupo!"

Akamwekea mkasi mikononi. Na mikono ya Bosi, hebu fikiria, ikaupokea vizuri kabisa, kama mikono inayojua kazi hiyo.

Kwa maana aliijua. Ilikuwa miaka tisa iliyopita, kwenye kiwanda cha mikate. Unga ulikuwa umeumuka, mwenye kiwanda anapayuka kwamba mali yake inaharibika, anataka majiko yawashwe sasa hivi. Wafanyakazi wote walishatoa makufuli yao isipokuwa Mziwanda, na Mziwanda alikuwa na tabia ya kuchomoka kwenda kuvuta sigara akisahau kufuli nyuma yake. Bosi akaita jina lake mara moja tu kuelekea darini, alikopangiwa kazi. Hakuitikiwa. Alisikia kitu kikigonga huko juu, mara tatu, taratibu, kama nyundo kwenye bomba. Akajiambia ni matrei ya mikate. Akakata kufuli, akawasha.

Walipomteremsha mdogo wake, Bosi alishavitupa vipande vya kufuli kwenye gunia la taka. Wakaguzi walipouliza, akajibu kwamba kijana alipanda bila kufunga. Wote wakaamini, mama yake pia. Hospitalini mama akakabidhiwa mkanda, pochi na ufunguo mdogo uliokutwa mfukoni mwa suruali. Ufunguo ule akautia kwenye pete ya funguo zake za nyumba, na hata leo huushika akauliza, "Hivi kufuli la huu liko wapi?" Na kila mara Bosi humjibu kwamba lilipotea.

Sasa meno ya mkasi yalikuwa yameshaliuma kufuli jekundu. Wanaume kumi na mmoja wakimtazama. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika kumi. Akibana tu, anashuka chini, anapata leseni, kesho anatia sahihi mabweni, na mama yake anaendelea kuamini anachoamini. Akakaza mikono.

Juu, ndani ya zege, kitu kikagonga. Mara tatu, taratibu.

Megawati alirudi nyuma mpaka akaangusha kiti. Bosi akauachia mkasi ukadondoka sakafuni, akajikuta anapiga kelele akitazama juu, "Nimekusikia! Nilikusikia na siku ile! Nilikusikia, mdogo wangu!" Akalia kilio cha mtu aliyekibana miaka tisa, kibaya, cha kamasi na kwikwi, na wakandarasi wale wakubwa wakasimama wasijue pa kuweka mikono.

Mkufunzi alirudi akamkuta amekaa chini. Bosi akamweleza yote, bila kujitetea hata neno moja. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Ninyi nendeni," akawaambia wengine hatimaye. "Vyeti vyenu mtavifuata kesho." Wakaondoka mmoja mmoja kwa hatua za taratibu. Megawati akakiinua kiti alichokiangusha, akatoka wa mwisho.

"Nikiandika haya kwenye ripoti, leseni ndiyo basi," mkufunzi akasema. "Na lazima niandike."

"Andika, mwalimu."

"Na hili kufuli?"

"Ufunguo anao mama."

Kupiga simu ile kulimshinda mara mbili. Mara ya tatu mama akapokea. Bosi akasema, "Mama, njoo na ule ufunguo mdogo. Kufuli lake lipo."

"Si ulisema hakufunga?"

"Nilikudanganya, mama. Alifunga. Nililikata mimi nikawasha."

Bosi alimsikia akipumua, halafu simu ikakatwa, asijue kama anakuja au haji.

Wakasubiri. Saa kumi na moja ikagonga, wakasikia mageti ya ofisi ya chini yakivutwa na kufuli kubwa likibanwa. Mkufunzi akatoa fomu moja kwenye faili lake akaanza kuijaza kwa mwandiko mdogo. Alipofika mahali pa kueleza hali ya kufuli akainuka kulichunguza, akalizungusha kwenye mwanga wa dirisha. "Ulisema ulilikata," akasema. "Hili ni zima. Halina hata mkwaruzo."

Mama alifika na ndala, nguo zile zile za jikoni. Hakumtazama bintiye. Alikwenda moja kwa moja kwenye ubao, akalishika kufuli, akalipangusa doa la zambarau kwa dole gumba. Akatafuta ufunguo kwenye pete yake, akautia. Ukaingia. Kufuli likafunguka bila kukwama.

"Alifunga," mama akasema. Akarudia, "Alifunga."

"Mama, nisamehe."

"Miaka tisa nawaambia watu mwanangu alikuwa mzembe. Majirani nimewaambia. Mashangazi zake nimewaambia. Nimekwenda mpaka kaburini kwake nikamgombeza, mimi, mama yake, kwamba kwa nini hukufunga, wewe mtoto, kwa nini hukumsikiliza dada yako." Sauti haikupanda. Laiti ingepanda! Bosi angetoa chochote apigwe hata kofi.

Mama akalitia kufuli mfukoni. Akavuta pumzi, uso ukamlegea, na kwa sauti ambayo Bosi hakuwa ameisikia tangu utoto wao akasema, "Haya, twende nyumbani, mwanangu."

Bosi akainuka haraka, mkoba mkononi, machozi yakimtiririka upya kwa shukrani. Akapiga hatua mbili.

Mama hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama ngazi ya mazoezi, macho yakishuka nayo polepole kipago kwa kipago mpaka chini. Akasogea kando, kama unavyompisha mtu. Akanyoosha mkono juu kidogo, pale ambapo lingekuwa bega la kijana mrefu, akapangusa vumbi. Chembe za chokaa zikaanguka sakafuni.

Kisha akaenda mlangoni, akaushikilia wazi kwa muda wa mtu mmoja kupita, naye akafuata, akaufunga nyuma yake.

Mkufunzi akainuka, akaipandisha swichi kubwa, balbu zote za ubao zikawaka. Akamsogezea Bosi fomu na kalamu. Yote yalikuwa yamejazwa isipokuwa mstari mmoja, unaouliza mwenye kufuli ametoka kazini saa ngapi.

Bosi akatazama saa ya ukutani. Akaandika: saa kumi na moja na dakika ishirini. Akatia sahihi yake.