Mkono Usio na Dripu

Joyline, mpimaji wa maabara ya hospitali, alipoliona jibu la kloridi ya Mzee Wabuge, moyo ulimruka. Chumvi hiyo ya damu ilikuwa imepanda kuliko alivyowahi kuona kwa mtu anayepumua. Mzee alikuwa ameletwa asubuhi kutoka mtaa wa Langas, amekaushwa na kuhara, na dripu ya maji ya chumvi ndiyo iliyokuwa ikimrudisha duniani.

Hakuhitaji kuambiwa kosa liko wapi. Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa umeshikana na wa mkewe, Mama Nekesa, na Joyline aliona vibaya kuwaachanisha. Akatoa damu mkono wa kushoto, ule ule wenye dripu, jambo ambalo hata mwanafunzi mgeni anakatazwa. Huruma ikikosa akili ni hasara tupu. Alichopima ni maji ya dripu yaliyochanganyika na damu kidogo, na jibu lilikuwa limeshafika wodini kwa kompyuta.

Akapiga simu. “Daktari Cyril, usitoe dripu ya Mzee Wabuge!”

“Nimeshasema itolewe. Kwani hujaona hiyo chloride?”

“Ni makosa yangu, daktari. Nilitoa sample upande wa dripu. Wacha nirudie.”

“Kimbia basi.”

Wodini alimkuta nesi ameshika mpira wa dripu, tayari kuuchomoa, akamsihi angoje. Aibu ilimchoma, lakini heri aibu kuliko maziko.

“Mama, pole sana. Naomba huo mkono mwingine. Mwambie Mzee akuachilie kidogo tu.”

Mama Nekesa akainamisha kichwa. “Si yeye amenishika, daktari. Ni mimi. Naogopa nikimwachilia ataenda.”

Joyline alitaka kulia, ila nafasi hiyo hakuwa nayo. “Mwachilie, Mama. Ndio abaki.”

Kidole kimoja kimoja, mama akaachia. Sindano ikaingia, damu ikaja nzito, damu ya kweli. Joyline akabandika pamba, akatimua mbio.

Safari hii kloridi ilikuwa pale inapotakiwa, na daktari akasema dripu iendelee. Joyline alirudi mwenyewe kupeleka habari. Alimkuta Mama Nekesa ameketi, mikono mapajani, akiogopa kumgusa mumewe asije akaharibu kipimo. Mzee alikuwa bado amefumba macho, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa ukipapasa blanketi huku na huku.

“Mshike, Mama,” Joyline akasema. “Anakutafuta.”