Mwaka Kupe Wetu Alipokonda

Kaka yangu Lazaro alikuwa mtu mnene pekee katika kijiji chetu, na kwa sababu hiyo kila Saba Saba alipigwa.

Sisemi alipigwa kwa chuki. Kijiji chetu kilikuwa kijiji cha ujamaa, mwendo mfupi kwa miguu kutoka shamba la mbegu la Kilangali, na sherehe ya chama ya Saba Saba bila igizo haikuhesabiwa kuwa sherehe. Igizo lilikuwa lile lile kila mwaka. Wakulima wanalima, kupe, yaani bwana mnyonyaji, anakuja na koti na kofia, anawachomeka mirija mgongoni, ananyonya, wakulima wanaamka, wanamtwanga kwa mabua ya mtama, watu wanashangilia, tunakwenda kula. Mirija tulitengeneza kwa vikonyo vya majani ya mpapai. Koti lilitoka misheni. Shida ilikuwa kumpata kupe mwenyewe, maana kupe lazima awe mnene, na sisi wengine wote tulikuwa tunalima kwa jembe la mkono.

Lazaro alikuwa mpimaji ghalani kule shamba la mbegu. Alikaa kwenye kigoda kando ya mizani tangu asubuhi, vibarua wanapandisha gunia, yeye anasoma, anasema "haya," wanashusha. Akirudi nyumbani anakula. Mimi ndiye niliyempikia, kwa sababu mume wangu alikuwa kwenye mkonge Kimamba na nilimwona mwisho wa mwezi tu. Naomba ieleweke kwamba nilipika vizuri. Unene ule haukutoka hewani.

Bua la mtama haliumizi sana. Tatizo ni watazamaji. Wakishapandwa na mori wanasahau kuwa ni igizo, wanaingia uwanjani na fimbo zao wenyewe. Mwaka sabini na moja kaka yangu alirudi na alama mbili za bakora mgongoni. Nikawa namkanda kwa maji ya chumvi, yeye amelala kifudifudi anasema, "Safari hii tuliigiza vizuri, Magreti." Ndivyo alivyokuwa. Hasira ilibidi niwe nazo mimi, kwa niaba yake.

Mwaka huo huo alimpenda Yudith, fundi cherehani aliyekaa barazani pa duka la ushirika. Alimpelekea shati moja aliongeze ubavuni, akalirudisha liongezwe tena, na tena, mpaka likawa na vitambaa vingi kuliko shati. Yudith alielewa. Alisema yeye hana neno, ila kwao anayeoza ni mjomba. Basi tukampandia mjomba wake, mzee Theodory, huko mlimani. Njia ile ni ya kupanda tu. Lazaro alikaa chini mara nyingi kuliko nilivyotaka kuonwa na watu.

"Shikamoo mjomba," alisema tulipofika, akihema.

"Marahaba," alisema mzee. Akamtazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye kupe."

"Ndiyo, mjomba."

"Mimi nilikupiga. Fimbo mbili, kwa hii." Akaonyesha bakora iliyoegemea ukutani. Hakusema kwa kujivuna wala kwa kuomba radhi, alisema tu kama mtu anayetaja alipozaliwa. "Sasa nitamwozaje binti wa dada yangu mtu niliyempiga hadharani? Na Saba Saba ikija tena, nikae nitazame mkwe wangu akipigwa na watu? Watoto wataitwaje? Wana wa kupe. Acha kwanza kazi hiyo, halafu urudi tuzungumze."

Lazaro alikwenda kuiacha. Mwenye kuitoa kazi ile alikuwa Onesphory, katibu wa kamati ya utamaduni, kijana mwembamba ambaye mkanda wake ulikuwa na matundu aliyoyaongeza mwenyewe kwa msumari.

"Ndugu Lazaro," alisema Onesphory, "jukumu la umma haliachwi. Tukimweka kupe mwembamba, wananchi watajifunza nini?"

Kaka yangu hakubishana. Alirudi nyumbani akasukuma sahani ya ugali katikati ya meza, akaitazama. Nikamuuliza kama chumvi imezidi.

"Chumvi haina kosa," alisema. "Nitakonda."

Asubuhi yake alikwenda zahanati kwa bwana Lupakisyo, mganga aliyeletwa kwetu kutoka Mbeya. Watu walimpelekea homa na vidonda, hakuna aliyewahi kumpelekea shibe. Lupakisyo alifurahi sana, akamweleza habari za kalori, kwamba zimo ndani ya kila chakula na hazionekani kwa macho. Lazaro akasema kitu kisichoonekana hawezi kukipima.

"Basi wewe ni mtu wa ghala," alisema Lupakisyo. "Mahindi yakiingia mengi na yakatoka machache, kunakuwaje?"

"Ghala linajaa."

"Na ukifunga mlango kabisa, yasiingie hata kidogo?"

"Walio ndani watakufa njaa."

"Haya. Usifunge mlango. Punguza yanayoingia, ongeza yanayotoka."

Hakuna aliyewahi kuelewa jambo la tiba haraka namna ile. Jioni hiyo, vibarua walipoondoka, Lazaro alipanda mwenyewe juu ya mizani. Alikuwa gunia moja la mahindi na debe moja. Akaamua kwamba debe liondoke, gunia libaki.

Kupunguza yanayoingia lilikuwa jambo langu na yeye, na lilinikera. Alitaka ugali nusu, mboga za majani nyingi, na mafuta yatiwe kidogo tu. Unampikia mtu miaka, kisha siku moja anakurudishia nusu sahani, na majirani wanaona kuku wako wanavyonenepa kwa makombo. Perpetua wa nyumba ya pili aliniuliza kwa upole kama nimegombana na kaka yangu. Nilimjibu kwamba kaka ametaka mwenyewe. Akanitazama kwa huruma. Nilitamani kumpiga na mwiko.

Kuongeza yanayotoka kulikuwa kwa hatari zaidi. Lazaro aliamua kukimbia alfajiri, kutoka nyumbani mpaka njia ya reli na kurudi. Sasa, sisi tunapakana na pori la Mikumi. Kwetu mtu mzima akikimbia alfajiri, maana yake kuna tembo nyuma yake. Mama mmoja alimwona kaka yangu akija mbio, jasho linamtoka, hasemi neno. Akabeba mtoto, akakimbia. Jirani alimwona huyo mama, naye akakimbia. Lazaro alipofika relini aligeuka akakuta nusu ya kijiji wako nyuma yake, wengine na masufuria. Wakamuuliza ni tembo wangapi. Alipowaambia kwamba anakimbia tu, walirudi makwao wakiwa wamekasirika kweli. Mkutano wa kijiji ulipitisha kwamba ndugu Lazaro asikimbie bila sababu.

Basi akashika jembe. Alikwenda shamba la pamoja akitoka kazini, akalima mpaka giza linapoingia. Ghalani nako alikiacha kigoda, akawa anapandisha magunia na vibarua, anasoma mizani, anashusha nao. Trekta ya shamba ikimpita njiani, dereva akimpungia apande, yeye anapunga tu mkono na kuendelea kwa miguu. Yudith akaanza kazi ya kulipunguza lile shati. Alikuwa anafumua kipande kimoja kimoja, na kila kipande alikikunja akakiweka kwenye kopo lake la vifungo. Niliona kwa macho yangu, na siku hiyo niliacha kulalamika juu ya makombo.

Ilipofika Pasaka kamati ya utamaduni ikashtuka. Walikuwa wamebakiza miezi mitatu, na kupe alikuwa anaisha. Mbaya zaidi, mwaka huo sherehe zingekuwa Mikumi, kando ya barabara kuu, mbele ya vijiji vingine. Kikao kikapitisha kwamba kijiji kimchangie ndugu Lazaro chakula kila jioni, nyumba kwa zamu, mpaka Saba Saba. Onesphory angekipeleka yeye mwenyewe na kuhakikisha kimeliwa.

Jioni ya kwanza alileta wali, maharage na nusu kuku. Lazaro aliuliza umetoka wapi. Akaambiwa umetoka kwa mama Mwamvua.

"Mama Mwamvua ana watoto sita," alisema kaka yangu.

"Ametoa kwa moyo."

"Ndugu Katibu, mwaka jana niliigiza kunyonya. Nikila hiki, nitakuwa nanyonya kweli. Mrudishie."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia kaka yangu akikataa kitu kwa sauti ile. Haikuwa kubwa. Onesphory alifunika sufuria, akasema azimio la kijiji halirudishwi kwa mtu mmoja mmoja. Akalifunua tena. Akakaa kizingitini, akafikiri, akasema chakula cha umma kikitupwa ni hujuma. Kisha akala, kwa niaba ya kijiji.

Jioni ya pili alileta tena. Lazaro akakataa tena, Onesphory akasikitika tena, akala. Nilimwambia aende akaseme ukweli kwenye kamati. Alijibu, akitafuna, kwamba kamati isivunjwe moyo. Lazaro mwenyewe alikwenda kwa kila nyumba kuwaambia wasitoe. Wakamsifu kwa unyenyekevu, wakaongeza mafuta.

Mwanzo nilimwona Onesphory akirudi kwenye matundu ya mkanda yaliyotoka nao dukani. Baadaye mkanda akauacha kabisa, suruali ilishikiliwa na tumbo. Kazi yake ilikuwa ya kuitisha vikao na kuvihudhuria.

Wiki moja kabla ya sherehe kamati ilikaa kumkagua kupe. Lazaro alisimama mbele yao. Alikuwa gunia moja kamili, nilimpima mimi. Walimvika koti la misheni likamning'inia. Mwenyekiti akalivua, akatazama huku na huku, na macho yake yakafika kwa katibu aliyekuwa anaandika kikao. Wengine wakafuata macho ya mwenyekiti. Hakuna aliyecheka. Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono, na koti lilimkaa Onesphory vizuri sana.

"Jukumu la umma haliachwi," alisema mwenyekiti.

Lazaro akapewa nafasi ya mkulima wa kwanza, yule anayeanza kupiga.

Tulikwenda Mikumi kwa tela la trekta. Uwanja ulijaa, na madereva wa malori yaendayo Zambia waliegesha wakaja kutazama. Mjomba Theodory alikuwepo mbele kabisa na bakora yake, Yudith kando yake, na mimi kando ya Yudith. Nilijua kaka yangu ameshakonda, lakini mzee hakuwa amesema neno, na mimi sikuwa tayari kumwona Lazaro akirudi tena peke yake kutoka kule mlimani.

Onesphory aliingia na koti, akachomeka mirija, akanyonya. Watu wa vijiji vingine walipiga kelele mpaka nikamwonea huruma, kidogo. Wakulima wakaamka. Lazaro akainua bua lake. Hakuna mtu pale aliyekuwa na haki kubwa ya kupiga kuliko yeye, na nakiri nilisema kwa sauti, "Mpe!"

Alimgusa tu begani. Kisha akainama, na kwa kuwa tulikuwa karibu tulisikia. "Lala kifudifudi. Kichwa kati ya mikono. Usiinuke mpaka nikuambie."

Onesphory akalala. Tayari watu walikuwa wanaingia uwanjani na fimbo za kweli. Lazaro akasimama juu yake, mguu huku na mguu huku, akawageuzia mgongo wale wenye fimbo. Tatu au nne zilimpata yeye. Hakugeuka. Halafu akapaza sauti, na maneno hayo hayakuwamo katika igizo.

"Ndugu wananchi, kupe ameshindwa! Chakula kiko tayari!"

Fimbo zikashuka. Watu wakaelekea kwenye masufuria.

Mjomba Theodory hakuelekea. Alimfuata Lazaro pale uwanjani, sisi nyuma yake.

"Huyu ndiye aliyekula chakula chako?"

"Ndiye, mjomba."

"Na bua ulikuwa nalo mkononi."

"Nilikuwa nalo."

"Kulala kifudifudi ulifundishwa na nani?"

Lazaro alisita. "Nilijifunza mwaka jana, mjomba."

Mzee aliitazama bakora yake. Sijapata kuona mtu akikitazama kitu chake mwenyewe namna ile. Akasema atashuka kwetu Jumapili.

Jumapili alishuka na jogoo kwapani. Alisema mtu hawezi kuwa mkwe wa mtu aliyempiga mpaka amlishe kuku na amwone akimmaliza. Nilimpika kwa mchuzi mzito na mafuta, kama zamani, na hakuna aliyenizuia. Lazaro alinitazama mara moja, nikajua anawaza ghala. Kisha akala, paja, kidari, shingo, mpaka mchuzi, na mzee akimwangalia kila tonge, machozi yanamshuka wala hayafuti. Alipomaliza, mzee akasema, "Njoo umchukue Yudith baada ya mavuno."

Akainuka kwenda zake. Bakora aliiacha imeegemea mlango wetu. Nilipomkimbilia nayo alikataa kuipokea, akasema haitaki tena.

Sasa mzee yule bila bakora hawezi mlima. Lazaro alimpa mkono wake, wakapanda pamoja taratibu, mzee amemwegemea mpaka kwake juu, na hawakupumzika njiani hata mara moja. Yule jogoo, kwa hesabu ya Lupakisyo, aliisha kabla hawajafika.