Wimbo wa Torkel Kinywani mwa Siv

Torkel na Folke walianza kupiga muziki wakiwa wavulana, ndani ya banda la kuni la mama yake Torkel, kule Sundsvall, Uswidi. Bendi wakaiita Vedboden, yaani banda la kuni, na kwa miaka kumi gitaa la Torkel ndilo lililokuwa mbele. Kisha mwimbaji wao akaacha muziki akawa seremala, na Folke, mpiga besi, akamleta Siv.

Siv aliimba na kupiga kinanda cha umeme. Majira ya baridi ya mwaka 1981, walipoingia studio kurekodi albamu ya tatu, mambo yalikuwa yamegeuka. Zamani waliimba Kiingereza. Sasa ni Kiswidi kitupu. Palipokuwa pakinguruma gitaa sasa palitanda kinanda, na Torkel akaambiwa asubiri. Akasubiri, huku akiwatazama Folke na Siv wameinamia karatasi moja, wanacheka. Hakumtamani Siv hata kidogo. Alichokuwa akikililia ni ile nafasi kando ya Folke.

Kilichomchoma zaidi ni wimbo wa baba. Aliutunga wakati baba yake amelazwa kwa mara ya mwisho, akampigia Folke kwa gitaa, naye akasema ni mzuri ila unajikokota. Ukawekwa kando. Sasa Siv akaukuta kwenye kaseti kuukuu, akaupiga kwa kinanda, na Folke akausikiliza amefumba macho.

"Huu tunao siku zote hizi?" akauliza.

"Nilikupigia mimi," Torkel akasema.

"Basi hukuupiga hivi."

Kesho yake asubuhi Siv akauimba kwa mkupuo mmoja, ukarekodiwa. Wenzake walipotoka kwenda kula, Torkel alisema hana njaa. Akabaki na mashine. Akaurudisha utepe, akaisikiliza ile sauti, akaona ni nzuri kuliko alivyotaka iwe. Akaurudisha tena mwanzo, akabonyeza kitufe cha kurekodi juu ya sauti ya Siv, akakaa kimya mpaka wimbo ukaisha na sauti yote ikafutika.

Kjell, fundi wa studio, ndiye aliyegundua. Akawa mwekundu mpaka masikioni, akasema kosa lazima litakuwa lake, na Folke akaanza kumfokea. Torkel alivumilia kidogo, akashindwa. Kjell alikuwa mtu mwema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Mwache Kjell. Nimefuta mimi."

Folke akamtazama kama mtu asiyemjua. Aliyesema ni Siv.

"Si ungeniambia tu, Torkel? Jana nilimwambia Folke huu uuimbe wewe. Akasema huuwezi."

Folke akatazama sakafu. Siv akampa Torkel hedifoni.

"Haya, imba."

Akaimba. Ubeti wa kwanza ulitoka, lakini kila alipofika wa pili, pale baba anapoomba afunguliwe dirisha, sauti ilimkatika. Alijaribu tena na tena, hakuna aliyemharakisha, na hilo likamuumiza zaidi. Mwishowe akatoka. Siv akaingia, akaimba kwa hasira, macho yake kwa Torkel nyuma ya kioo, na safari hii akaimba vizuri kuliko asubuhi. Torkel alijua hivyo kabla Kjell hajazima mashine.

Albamu ilitoka mwezi wa Mei. Siv alishikilia jina la Torkel liandikwe chini ya wimbo ule, naye Torkel akampelekea mama yake santuri moja. Walikaa jikoni, kahawa na biskuti mezani, mama kaegemeza kichwa upande wa spika.

"Ni nani huyu msichana?" akauliza wimbo ulipokwisha. "Anaimba kama alikuwepo pale kando ya kitanda cha baba yako."

"Anaitwa Siv," Torkel akasema.

"Mlete siku moja nimshukuru."

Torkel akainuka kwenda kuongeza kahawa, ingawa kikombe chake kilikuwa bado kimejaa, akasimama kwenye jiko akimpa mama mgongo mpaka uso wake ulipotulia.