Niandikie Kwamba Umenikataa

Siku ile ya kwanza Stumai alitoka ofisini akiwa amesema "asante," na neno hilo ndilo lililomchoma njia nzima hadi nyumbani, kuliko hata maneno aliyoambiwa.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Baba yake alitoka Songea kuja kukata mkonge, akafia huku huku tambarare, chini ya milima ya Upare. Stumai alizaliwa katika kambi ya shamba hilo, akakulia humo, akaajiriwa humo. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi chumba cha brashi, ambako singa za mkonge zilizokwisha kauka husuguliwa kwenye mashine mpaka zilainike na kung'aa. Kisha mwezi wa tatu mwenye shamba akafunga kiwanda. Wafanyakazi walipewa barua zao za kupunguzwa wakiwa wamesimama uwanjani juani, na Gideoni, kiongozi wao wa chama cha wafanyakazi, akapanda juu ya ndoo akawaambia, "Msikae kinyonge. Kila mwezi mlikuwa mnakatwa michango. Kuna fao la kukosa ajira. Nendeni Same mkadai, ni haki yenu."

Stumai akawa wa kwanza kwenda. Alivaa gauni lake la Idi, akatia barua, kitambulisho cha taifa na kadi ya uanachama kwenye bahasha, akafika ofisi ya mfuko wa hifadhi ya jamii kabla haijafunguliwa.

Dirishani alikuwapo kijana anayeitwa Raymond. Jina lilikuwa kifuani. Alikuwa rika la mtoto wake wa kwanza, lakini hakumwamkia. Aliipokea barua kwa ncha za vidole viwili, akasoma jina la shamba, akacheka puani.

"Mkonge? Mama, hili fao ni la watu waliokuwa na ajira. Nyie si vibarua?"

"Nilikuwa mwajiriwa, baba. Miaka kumi na tisa. Michango yangu imo humo kwenye kompyuta yako."

Raymond alibonyeza, akaangalia. Michango ilikuwamo. Akamsogezea kimashine cha alama za vidole. Stumai akaweka kidole gumba, ikawaka taa nyekundu. Akaweka cha shahada, nyekundu. Akaenda hivyo mpaka vidole vyote kumi vikaisha.

"Vidole vyako vimefutika," kijana alisema kwa sauti iliyofika mlangoni. "Unaviosha na nini, msasa? Kwa mashine hii wewe hupo, mama. Nenda kapake mafuta, alama zikiota ndiyo urudi. Anayefuata!"

Watu wawili watatu kwenye foleni wakacheka. Stumai alikusanya karatasi zake, na mdomo wake ukasema "asante" wenyewe, kama ulivyozoea kumwambia msimamizi kwa miaka yote ile.

Alipaka mafuta ya nazi asubuhi na jioni kwa wiki tatu. Aliacha hata kufua kwa mkono. Binti yake Saada ndiye aliyefua. Kila alipotazama ncha za vidole vyake aliziona vile vile, laini kama mgongo wa kijiko. Hata hivyo alirudi Same.

"Yule wa mkonge karudi!" Raymond alimwambia mwenzake wa dirisha la pili, wala hakupunguza sauti. Kimashine kikawaka nyekundu kama mwanzo. Kijana akaegemea kiti. "Mama, mbona unapenda hivi vya bure? Hizi nguvu za kufuata hela ungezitumia kutafuta kazi, si ungeshapata?"

Stumai alilisikia lile "asante" likipanda tena kooni, akalimeza.

"Sikuja kuomba," alisema. "Nimekuja kudai. Kama umenikataa, niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Kwamba umenikataa. Andika sababu, andika tarehe na jina lako, upige na muhuri. Nikiipata hiyo karatasi nitaondoka."

"Unanifundisha kazi?"

"Hapana. Kazi unaijua. Niandikie."

Raymond alimwita mlinzi. Mlinzi mwenyewe, Abdulmajid, aliwahi kulinda ghala la singa kule shambani kabla ya kuhamia mjini, na walifahamiana. Alikuja polepole, rungu kwapani, uso umemshuka.

"Dada Stumai, twende nje kidogo."

"Nimevunja nini, kaka?"

"Hujavunja kitu."

"Nimetukana mtu?"

"Hapana."

"Basi niache nikae."

Abdulmajid alitazama dirishani, akamtazama Stumai, akakuna shingo. "Benchi ni la wateja," alisema mwishowe. "Kaa."

Alikaa mpaka ofisi ilipofungwa. Kesho yake akarudi akakaa tena. Kila Raymond alipopita kwenda chai, Stumai alimwambia neno moja tu, "Niandikie," na kila mara kijana alipita kama hakusikia. Moyoni Stumai aliogopa. Nauli ilikuwa inamwishia, na baadhi ya majirani kambini walikuwa wameanza kusema kwamba amepata kichaa cha kufukuzwa kazi. Lakini aliona kwamba akiondoka safari hii, hatarudi tena, na wenzake kumi na mmoja wa brashi waliokuwa wakimsubiri yeye aende awaonyeshe njia hawatakwenda kabisa.

Siku ya tatu aliketi karibu naye mama mmoja mwenye sweta zito, ingawa Same ilikuwa inaunguza na upepo ulikuwa ukimwaga vumbi dirishani.

"Shikamoo mama," Stumai alisema.

"Marahaba mwanangu. Na wewe ni vidole?"

Stumai aligeuka. Mama yule alifunua viganja vyake. Ncha za vidole zilikuwa zimebabuka na kuwa ngumu, hazina mstari hata mmoja. Jina lake Ernesta. Alitoka Mbaga, juu mlimani, ambako alipika katika shule moja ya bweni hadi shule ilipofunga bweni na kuwaachisha wapishi. Maisha yake yote aliepua masufuria ya moto na kuyasugua kwa majivu.

"Hii ni mara yangu ya tano kushuka," alisema. "Kijana ananiambia nirudi vikipona. Naona haya kumwuliza vitapona lini. Nina miaka hamsini na minane."

"Leo usimwulize hilo. Mwambie akuandikie kwamba amekukataa."

Ernesta alishtuka. "Mwanangu, mtu wa ofisini habishiwi. Atakasirika, faili lipotee."

"Mama, kwani sasa hivi faili lako liko wapi?"

Ernesta alifikiri. Alicheka kidogo, kicheko cha kujishangaa, kisha akafunga kifungo cha sweta. "Unajua watu wanatusema sisi Wapare tunapenda kesi," alisema. "Eti Mpare yuko radhi auze ng'ombe afuate kesi ya kuku. Na mimi hapa mara tano narudi mlimani kimya kimya."

"Basi Jumatatu usishuke kimya. Na mimi sitakuja peke yangu."

Jioni ile Stumai alipita nyumba kwa nyumba kambini. Wengine walikuwa wagumu. Koleta, aliyekaa naye mashine moja miaka minane, alimwambia waziwazi, "Mimi sitaki kuchekwa mbele za watu." Stumai hakumbembeleza. Alimwambia, "Mimi nimeshachekwa, Koleta, na niko hapa nasimama. Utakachochekwa wewe ni kidogo, maana tutakuwa wengi." Koleta alikwenda ndani, akatoka na bahasha yake.

Jumatatu ofisi ilipofunguliwa walikuwa wanawake kumi na watatu. Hawakupiga kelele wala kubeba bango. Walipanga foleni kama watu wengine, kila mmoja na bahasha yake, na kila mmoja alipofika dirishani aliweka kidole, akaona taa nyekundu, akasema, "Naomba uniandikie kwamba umenikataa," kisha akaenda kukaa. Wa kwanza Raymond alimfokea. Wa pili alimfokea zaidi. Alipofika wa tano sauti ilikuwa imempungua. Wa nane alikuwa Koleta, akasema maneno yale kwa nguvu hata wenye foleni ya dirisha la pili wakageuka. Wa kumi na tatu alikuwa Ernesta. Alimwamkia kijana kwa upole, "Hujambo baba," akaweka kidole, akasema neno lake, kisha hakwenda kukaa. Alibaki amesimama pale pale.

Hapo ndipo mlango wa ndani ulipofunguka, akatoka meneja, Bi Leticia, mwanamke mwenye miwani aliyeonekana kuwa na haraka.

"Kuna nini hapa?"

Raymond alifungua mdomo. Stumai alisimama akamwahi.

"Mheshimiwa, tumefanya kazi za mikono mpaka alama zimeisha. Mashine haitusomi, na hilo si kosa la mtu. Lakini mimi nimeambiwa sipo. Nimeambiwa napenda vya bure. Huyu mama ameambiwa arudi vidole vikipona, ameshuka kutoka Mbaga mara tano. Hatukuja kugombana. Tunataka kila mmoja aandikiwe kwa nini amekataliwa, tujue pa kwenda."

Meneja alimgeukia Raymond. "Wasiosomeka na mashine si wanajaza fomu ya uthibitisho? Picha, kitambulisho, na barua ya mtendaji wao?"

"Hawakuiulizia," Raymond alisema.

"Tungeuliziaje kitu tusichokijua?" Koleta alisema kutoka kwenye benchi. Safari hii watu wa foleni waliocheka hawakumcheka yeye.

Bi Leticia alivua miwani. Aliwatazama wale wanawake mmoja mmoja, akaonekana amechoka ghafla. "Njooni ndani ofisini kwangu, tuyamalize vizuri."

Lilikuwa neno la heshima, na wanawake wawili walikwisha kuinuka. Stumai hakuinua mguu.

"Tunashukuru, mheshimiwa. Lakini aliyosema aliyasema hapa, mbele ya watu. Tunaomba yaishie hapa hapa."

Meneja alisita, kisha akatikisa kichwa kukubali. Fomu zikaletwa. Raymond akatakiwa kutoka nyuma ya kioo na kueleza jinsi ya kuzijaza, kwa sauti, kila mtu asikie. Alipomaliza, shingo imelowa jasho, alisema, "Na kama kuna niliyemkwaza, naomba samahani."

"Hakuna 'kama,'" Stumai alisema. Hakupandisha sauti.

Kijana alimtazama. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni, si mikononi. "Niliwakosea," alisema. "Samahanini." Kisha akarudi kwenye kiti chake. Stumai hakujua kama ilitoka moyoni, akaona hilo ni la kijana mwenyewe na Mungu wake.

Haikuishia siku ile. Mtendaji wa kata alikuwa safarini, barua zikachelewa wiki nzima. Picha za wawili zilirudishwa. Lakini fomu zilipokelewa, kila mmoja akapewa nakala yenye muhuri. Fao lilianza kuingia mwezi uliofuata. Lilikuwa dogo, na la miezi michache tu, lisilotosha kumfanya mtu asahau kiwanda. Ukutani karibu na dirisha likabandikwa tangazo kwa herufi kubwa, kwamba yeyote ambaye alama zake hazisomeki aombe fomu ya uthibitisho. Abdulmajid ndiye aliyempigia Stumai simu kumsomea.

Mwezi wa nane Ernesta alimwalika mlimani. Stumai, aliyeishi maisha yake yote akiitazama milima ile kutoka chini, hakuwahi kufika Mbaga. Alipanda na gari la asubuhi lililozunguka kona baada ya kona hadi hewa ikawa ya baridi na akatamani kuwa na sweta. Ernesta alimwonyesha kishamba alichopanda tangawizi, mistari imenyooka, majani mabichi yakitikisika, kisha akampakulia makande na maziwa ya mgando.

Mume wa Ernesta, mzee Melkizedeki, alikuwa amesikia habari ile mara nyingi, lakini aliitaka kutoka kwa mwenyewe. Stumai alimsimulia. Alipofika pale penye "hakuna kama," mzee alipiga paja.

"Mke wangu," alisema, "huyu umeniambia ni mtu wa Songea?"

"Wa Songea," Ernesta alijibu, akimwongezea mgeni makande. "Na ndiye aliyenikumbusha Upare wangu."

Stumai alicheka mpaka akaweka bakuli chini. Kisha akauliza tangawizi hupandwa mwezi gani, na kama mtu asiye na shamba mlimani anaweza kukodi, na Ernesta akaanza kumweleza.