Albamu Isiyotaja Jina la Mtu

Kipngetich alijulikana kwa kelele, na kelele zenyewe ndizo zilizomlisha. Hakuna arusi kuanzia Elburgon hadi Olenguruone iliyonoga bila gitaa lake la mbio na majina aliyoyamwaga katikati ya wimbo: salamu kwa mwenye lori la mbao, salamu kwa shemeji yake, salamu kwa mathe wa viazi. Watu walinunua wimbo ili wajisikie wakitajwa. Kazi hiyo aliiweza bwana, usimchezee.

Kisha mama yake akafa, na hamu ya kelele ikamtoka.

Alijifungia studio huko Nakuru, akatoka na albamu ambayo hata fundi aliuliza kama ngoma zimesahaulika. Wapi! Ndani yake mlikuwa na mvua juu ya mabati, maziwa yakigonga ndoo, na Kipngetich akivuma chinichini bila neno lolote, vile mama yake alivyomvumia ng'ombe akimkama. Kwao Kuresoi, katika boma lile, ng'ombe hakamwi kimya. Anaimbiwa mpaka aachilie maziwa.

Alitaka sikio la mtu mmoja tu, dada yake Cherono, aliyekaa na mama mpaka mwisho. Cherono hakukubali hata kuonja.

"Umetaja watu wote wa hii Mau," alimwambia. "Mama hujawahi kumtaja hata siku moja. Sasa amekufa ndiyo unauza sauti yake? Toa hiyo kitu hapa."

Na Cherono alikuwa na shida yake. Chelel, ng'ombe mweupe wa mama, alikuwa amekaza maziwa tangu mazishi. Alipewa chumvi, akaletewa ndama, akabembelezwa, wapi; mvumo wa mama tu ndio Cherono hakuwa na moyo wa kuuanza. Jumapili mchuuzi wa ng'ombe angekuja kumpeleka kwa bucha, na huyo ndiye wa mwisho zizini aliyeujua mkono wa mama.

Jumamosi Kipngetich aliizindua albamu yake sokoni Olenguruone. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye vibanda, na ule mvumo ukaingia ndani yake taratibu, hata usijue sauti inatoka spika gani. Yeye mwenyewe alifumba macho. Alisikia harufu ya moshi na ya kwato zilizolowa.

"Boss, spika imekufa!" mtu akapiga kelele.

Watu wakacheka. Wawili wakainama kutafuta waya uliochomoka. Mzee mmoja, aliyevaa koti la arusi makusudi, alingoja jina lake mpaka wimbo wa mwisho, masikini, kisha akaenda zake kununua vitunguu. Kipngetich alikunja vyombo peke yake. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Jioni alifika nyumbani, akapitiliza moja kwa moja hadi zizini, mahali ambapo hangeulizwa kitu. Aliketi kwenye kigoda cha mama, akaiwasha simu apate kusikia alipokosea. Mvua ya kwenye simu ilianza, na ya nje ikaanza pia, nyepesi, zikachanganyika. Kwa kitambo akawa mtoto tena, mgongo wa mama ukiwa mbele yake, mpana, wenye joto.

"Zima hiyo," alisema Cherono mlangoni, ndoo mkononi.

Kipngetich alinyoosha mkono azime. Chelel akageuza kichwa. Aliacha kutafuna, masikio yakaelekea kwenye simu, kisha akashusha pumzi ndefu. Tone moja la maziwa likaanguka kwenye majani. Likafuata jingine.

"Woi!" Cherono akachuchumaa mbiombio, akasukuma ndoo chini ya kiwele. Maziwa yalitoka kama hayakuwahi kukataa. Alikama huku machozi yakimshuka, mikono miwili ikiwa kazini, hana hata wa kujifutia.

"Hapo umekosea," Cherono akasema ghafla. "Hapo mama alikuwa anashuka." Akamwonyesha, akivuma polepole, na kaka yake akamfuata mpaka wakapatana.

Simu ikafika mwisho, zizi likanyamaza. Chelel akapiga kwato chini, mara moja.

"Nipigie mchuuzi, nishikie hapa sikioni," alisema Cherono bila kuachia chuchu. Mchuuzi alipoitikia, akamwambia, "Kesho usikuje." Kisha akamtazama kaka yake.

"Rudisha mwanzo," akasema.