Wezi wa Mkono wa Pedeli

Wanangu walikula njama wakaniibia mkono wa pedeli. Si baiskeli nzima, la. Wangechukua baiskeli nzima ningeita polisi, nao wananijua, ningewaita kweli. Walichukua kile chuma kimoja tu cha kushoto kinachoshika pedeli, pamoja na pedeli yake, wakaniachia baiskeli yangu ya umeme ukumbini ikiwa na mguu mmoja. Betri imejaa, taa zinawaka, kengele inalia. Ila mota yake ina maringo: haisogei mpaka mwenye nayo aanze kuzungusha miguu.

Sababu yao ni kwamba nilianguka. Sawa, nilianguka, sikatai. Nilianguka kwenye mzunguko wa barabara kuu, goti likapasuliwa, na tangu hapo halikunjiki lote. Kifungua mimba wangu wa kiume, ambaye anaishi mbali na hupenda kunilea kwa simu, akatangaza kwamba mama amestaafu baiskeli. Mimi nimefundisha ushonaji miaka thelathini na mmoja, nimestaafu mara moja na inatosha. Kitinda mimba, binti anayeishi mtaa wa pili, ndiye aliyetumwa kuja na spana.

Nilichokosa ni Alhamisi. Kila Alhamisi saa nane mchana tunacheza karata, watu wanne, nyumbani kwa nesi mmoja mstaafu, ng'ambo ya mzunguko huohuo. Kwa miguu siwezi, na kupelekwa kwa gari na kurudishwa kama kifurushi sitaki. Nilikosa Alhamisi sita. Kisha nesi akanipigia, akaniambia kwa sauti ya upole ya watu wenye habari mbaya kwamba wamepata mtu wa kukalia kiti changu, mwalimu wa jiografia, na kwamba nisipofika wiki hii basi kiti kitakuwa chake. Mwalimu wa jiografia, jamani. Usingizi uliniruka.

Aliyenifumbua macho ni yule kijana wa mazoezi ya viungo hospitalini. Alilikunja goti langu, akalipima, akasema tatizo si baiskeli, ni urefu wa ile mikono. Mkono ukiwa mrefu, pedeli ikifika juu goti linakunjwa kupita kiasi. Weka mifupi, duara linapungua, goti linapita. Nikaagiza jozi ya sentimita kumi na tano, na pedeli na bolti zake, badala ya ile ya kumi na saba. Yaani walichoiba hata sikukihitaji tena. Nilicheka peke yangu mpaka mbavu zikauma.

Alhamisi asubuhi nikatandika pazia kuukuu jikoni, nikaipindua baiskeli, nikaketi sakafuni. Kushoto kulikuwa wazi, shukrani kwa wezi. Kazi ilikuwa kulia. Nilifungua bolti ya katikati, nikavuta mkono, haukutikisika. Nikakanyaga fremu nikavuta tena, nikaambulia jasho. Nilikuwa nimeinua nyundo wakati kitinda mimba alipoingia. Ana ufunguo wangu, na hodi yake huipiga akiwa ameshafika jikoni.

Nikajitia hamnazo, nikamuuliza kama amekunywa chai. Alisema tu kwamba nikigonga hapo nitaiua mota, akatoka, akarudi kutoka kwenye gari lake na chombo cha kung'olea mikono hiyo, kilekile walichofanyia wizi. Huyu nilimlea kwa kumfumulisha kila mshono uliokwenda kombo. Hawezi kuona kazi inaharibiwa akakaa kimya, hata kama yeye mwenyewe haitaki kazi hiyo.

Alikisokota kwa vidole kwanza, taratibu, mpaka kikazama chote kwenye nyuzi za skrubu zilizo ndani ya ule mkono, maana kikiingia nusu nyuzi zinakatika na mkono hautoki tena. Kisha akakaza bolti yake ya kati inayosukuma ekseli. Chuma kikalia, mkono ukatoka kama jino bovu. Nikavisha ile mipya. Niliivisha yote miwili ikielekea upande mmoja, akaniuliza kama nataka kuendesha au kuruka kichura. Pedeli ya kushoto nikaikaza kinyume, kwani ndivyo inavyotaka, nikamwambia imefanana na kaka yake. Tulicheka. Akakaza bolti ya kulia. Ya kushoto akaiokota, akaifumba kiganjani, akaacha kucheka.

Bila bolti hiyo mkono unachomoka kabla hujaumaliza mtaa. Tulilijua hilo sote wawili.

"Niahidi hutapita kwenye ule mzunguko," alisema.

Nikamkumbusha kwamba njia nyingine haipo. Akatazama sakafu.

"Mama, mimi ndiye niliyekuokota pale. Ulikuwa unaniita jina la dada yako marehemu, nami nikawa naitika mpaka hospitali."

Hilo hakuna aliyewahi kuniambia. Mimi nilijua nimeanguka, nikaamka kitandani, basi. Sikujua kwamba hapo katikati kulikuwa na mtu. Sasa, uongo kwangu si kazi ngumu. Nimewadanganya hawa watoto kuhusu sindano, kuhusu meno, kuhusu baba yao. Ningesema ndiyo tu, bolti ningepewa.

"Nitapita, mwanangu," nikasema. "Nitaogopa, lakini nitapita."

Akalia, nami nikalia, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake. Kisha akapiga magoti, akaitia ile bolti, akaikaza, akaikaza tena, na mara ya tatu ambayo haikuhitajika kabisa. Nilimwacha. Akauliza nitarudi saa ngapi. Tangu nizaliwe sijamwambia mtu saa ya kurudi, hata baba yao hakuipata. Nikasema saa kumi na moja.

Goti lilipita. Kwenye mzunguko niliogopa mpaka meno yakagongana, nikapita hivyohivyo, nikiyatukana malori moja baada ya jingine. Mwalimu wa jiografia nilimkuta kitini mwangu, nikasimama mbele yake bila salamu mpaka akahamia dirishani. Karata zilinipenda siku hiyo. Nilishinda mara mbili, na ya tatu nilikuwa nimeishika mkononi, lakini ilipofika saa kumi nikawa natazama zaidi saa ya ukutani kuliko karata. Akilini nilimwona binti yangu amepiga magoti barabarani, anaitika jina lisilo lake.

Saa kumi na robo nikasimama. Nesi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia kuna mtu ananisubiri, nikamwachia mwalimu wa jiografia kiti, na karata zangu za ushindi juu yake.