Fuwele za Mwenye Nyumba

Hakuna anayeijua maabara kama anayewasimulia hapa. Aliingia mara moja, akatolewa kwa sababu ya ndala.

Humo mtafiti na wifi yake, mke wa kaka yake, walifanya kazi meza moja. Wifi ndiye mpishi: anawapa bakteria kazi ya kutengeneza protini inayotakiwa, anaisafisha, anamkabidhi mtafiti ikiwa kwenye kichupa. Mtafiti anaigandisha iwe fuwele, anaipiga eksirei ajue umbo lake. Miaka miwili hakupata hata chembe. Fuwele zilipotokea, alimkumbatia wifi mpaka miwani ikadondoka. Shahada yake yote ilikalia fuwele zile, na Ijumaa alitakiwa kuzitetea mbele ya wakubwa.

Jumatatu hesabu ziligoma. Umbo alilolikadiria la protini yake halikuenea kwenye vipimo vya fuwele, kama mguu wa baba kwenye kiatu cha mtoto. Ndipo akafanya jambo la kufanywa siku ya kwanza, lakini nani hukagua unga aliosagiwa na wifi yake? Alivilinganisha vipimo vile na orodha ya fuwele zote zilizowahi kupimwa. Jibu likaja papo hapo: si protini yake, ni ya bakteria mwenyewe, ile inayoshika madini ya zinki. Alidhani analea mgeni, kumbe amemnenepesha mwenye nyumba.

Alilia chooni, akanawa. Kosa ni kosa. Ukisafisha harakaharaka, uchafu unapita. Akaenda kwa wifi bila kinyongo, akamwambia tu kwamba sampuli haikuwa yenyewe. Zaidi ya hapo hakusema.

Wifi aliweka mkono kifuani. "Masikini wifi yangu. Ndio kwanza nasikia leo. Ningejua, ningekuficha wewe?"

Akavuta kiti, akambembeleza, akamkumbusha walivyotoka mbali. Angeishia hapo angepona, lakini mwongo hajui kunyamaza.

"Usijilaumu. Hiyo protini ya bakteria inayoshika zinki imewaumbua wengi. Na vipimo vyake ni vilevile vya kwetu, mpaka nukta."

Mtafiti aliyakumbuka makofi aliyopigiwa na mikono ile, miezi saba, kila alipoonyesha picha za fuwele.

"Wifi," alisema taratibu, "zinki nimekutajia saa ngapi?"

Wifi alichukua kitambaa, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Alisema amebahatisha tu.